Kasha la barafu lililojazwa sufi: shajara ya mradi, Lamu

Januari, wiki ya pili: swali na kipimo

Swali la mradi: katika barafu anayopakia mvuvi alfajiri, ni kiasi gani kinachompoza samaki, na ni kiasi gani kinachoishia kupambana na joto linalopenya kwenye mbao za kasha?

Katika mtaala wa 8-4-4 wanafunzi walisoma jinsi joto linavyosafiri wakiwa Kidato cha 1, kisha kiasi cha joto na joto fiche wakifika Kidato cha 3. Kasha la samaki linazikutanisha mada hizo mbili. Tena lina faida moja ambayo sufuria ya maji jikoni haina, nayo ni kwamba barafu yenyewe ni kipimo. Barafu ikiyeyuka halijoto yake haipandi. Hubaki nyuzi 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe, na kila kilo 1 humeza kilojouli 334. Kinga maji yanayotoka, yapime, na hapo umeshapima joto lililoingia.

Njia hii si ngeni. Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace waliitumia Paris katika msimu wa baridi wa 1782 kuingia 1783, na kabla yao Joseph Black alikwisha kuonyesha huko Scotland kwamba barafu hula joto bila kupanda halijoto. Tofauti ni kwamba wao walikizungushia chombo chao barafu nyingine ili joto la chumbani lisiingie. Sisi joto hilo la nje ndilo tunalolitafuta.

Kwa hesabu za haraka tunatumia kanuni moja: gramu 100 za maji kwa saa ni sawa na wati 9.3. Ni 334 mara 100, unapata jouli 33,400, unagawanya kwa sekunde 3,600. Kanuni hii imebandikwa ukutani, na kila anayesoma mzani anaandika wati papo hapo bila kungoja.

Vifaa: mzani wa jikoni wa kielektroniki unaosoma gramu 1, vipimajoto viwili vya maabara, saa, ndoo, bomba la mpira, na barafu. Cha ghali ni barafu tu.

Kuna mtego mmoja wa kuukwepa tangu mwanzo. Barafu iliyotoka kwenye friza haiko nyuzi 0, yaweza kuwa chini ya sifuri kwa nyuzi 15. Kuipandisha hadi 0 kunahitaji kilojouli 2.1 kwa kila kilo kwa kila uzi 1, yaani kama kilojouli 31 kwa kilo, karibu sehemu moja ya kumi ya joto la kuyeyusha. Muda huo wote joto linaingia na tone halitoki. Ukianza kuhesabu saa hapo, kasha baya litaonekana zuri. Kwa hiyo barafu inapondwa, inaachwa mpaka ing'ae kwa maji na tone la kwanza lidondoke, ndipo saa inapoanza.

Januari, wiki ya tatu: majaribio ya makopo

Kabla ya kununua mbao tumelinganisha vijazio kwa kipimo kidogo. Kopo la bati la lita 2 linakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, na kati yao kuna nafasi ya kama sentimita 5 kila upande, chini na juu. Kopo lina kilo 1 ya barafu iliyopondwa, na mrija mwembamba unatoa maji chini. Ndoo iko kivulini, hewa nyuzi 28 hadi 29. Vijazio ni vile vinavyopatikana hapa hapa: unga wa mbao kutoka kwa mafundi wa madau Matondoni, usumba wa makumbi ya nazi, na sufi ya msufi, ile ile ya mito na magodoro.

Maji yaliyotoka kwa saa:

- nafasi tupu, hewa peke yake: gramu 92
- unga wa mbao mkavu: gramu 43
- usumba mkavu: gramu 35
- sufi kavu: gramu 27
- usumba uliolowa: gramu 88

Mstari wa kwanza ndio uliozua mjadala mkubwa darasani, kwa kuwa kitabu kinasema hewa ni kihami bora kuliko vyote katika orodha hiyo. Ni kweli, lakini hewa iliyotulia. Katika nafasi ya sentimita 5 hewa haitulii: iliyogusa ndoo hupata joto na kupanda, iliyogusa kopo hupoa na kushuka, ikawa inazunguka na kubeba joto kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Juu ya hilo, ndoo humulika kopo kwa miale ya joto bila kitu cha kuizuia. Nyuzi za sufi kazi yake ni kuikamata hewa isizunguke, na kuikinga miale njiani. Kinachohami ni hewa. Sufi ni pingu tu.

Ndiyo maana sufi haifai kushindiliwa. Ukiibana mpaka iwe kama kamba, umeitoa hewa na kuacha nyuzi zigusane. Ukiilegeza mno, hewa inaanza kuzunguka na baada ya siku chache sufi inashuka na kuacha pengo juu. Kiasi kilichotupa usomaji mzuri ni kama gramu 40 kwa kila lita ya nafasi.

Mstari wa mwisho ni muhimu kuliko yote. Usumba ule ule, ukiloweshwa na kukamuliwa kwa mkono, umerudi kuwa karibu sawa na nafasi tupu. Maji hupitisha joto mara 23 zaidi ya hewa tulivu: 0.6 dhidi ya 0.026, kwa kipimo cha wati zinazopita katika mita 1 ya mraba ya kitu chenye unene wa mita 1, tofauti ya halijoto ikiwa uzi 1. Maji yakichukua nafasi ya hewa kati ya nyuzi, hakuna tena kihami. Kwa hiyo nusu ya kazi ya kasha ni kupambana na unyevu. Hapo sufi inashinda mara ya pili, maana nyuzi zake zina nta ya asili na hukataa maji; zamani maboya ya kuvaa baharini yalijazwa sufi kwa sababu hiyo hiyo.

Tumechagua sufi. Unga wa mbao ni wa bure na una faida ya kujaa kila pembe, lakini hunywa maji kama mkate.

Februari, wiki ya kwanza: hesabu kabla ya msumeno

Kasha: ndani sentimita 60 kwa 40 kwa 40, lita 96. Plaiwudi sentimita 1, sufi sentimita 5, plaiwudi sentimita 1. Nje linafika 74 kwa 54 kwa 54.

Eneo la kati la sufi ni kama mita 1.7 za mraba. Tofauti ya halijoto tunaichukua nyuzi 28. Sufi inapitisha kama 0.04. Basi 0.04 mara 1.7 mara 28, gawanya kwa 0.05, ni wati 38. Lakini joto kabla ya kuifikia sufi lazima livuke tabaka jembamba la hewa linaloganda juu ya mbao, kisha plaiwudi, na upande wa ndani vivyo hivyo. Ukiyajumlisha mazuio yote, jibu linashuka hadi wati 29, sawa na gramu 310 za barafu kwa saa.

Kwa kulinganisha, kasha la mbao tupu la unene wa sentimita 2 na nafasi ile ile ya ndani linatoa wati 97 kwenye karatasi. Lipo moja la zamani la kupakia samaki; tumelipima, likatoa kilo 1.05 za maji kwa saa, ambazo ni wati 97. Kukaribiana huku kuna bahati ndani yake, tusijisifu.

Februari, wiki ya pili na ya tatu: kuunda

Kasha la ndani linaundwa kwanza, linapakwa tabaka mbili za faiba ile inayotumika kwenye boti, pembe zikiviringwa kwa mchanganyiko wa utomvu wa faiba na unga wa mbao ili uchafu usijifiche. Sakafu ina mteremko wa sentimita 1 kuelekea tundu la kutolea maji. Bila mteremko huo maji yanabaki pembeni na vipimo vinachelewa kwa nusu saa nzima.

Kasha la nje ni la pili. Linabebwa na fito za mbao kati ya kuta mbili. Hapa uamuzi unahitajika: fito ni daraja la joto, kwa kuwa mbao hupitisha 0.13, zaidi ya mara tatu ya sufi. Fito chache zaidi ni bora, ila zikipungua mno ukuta unapinda na sufi inashuka. Tumeweka mbili tu kwa kila upande mrefu, zikiwa za mlalo, hivyo kila ukuta una vyumba vitatu vya sufi kimoja juu ya kingine. Sufi ya chumba cha juu haiwezi kuporomokea cha chini.

Misumari ni daraja baya zaidi. Chuma hupitisha kama 50, zaidi ya mara elfu ya sufi. Msumari wa nchi 3 wenye unene wa milimita 4, ukipita moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, waweza kupitisha hadi robo wati. Fundi aliyezoea kupigilia misumari 40 atakupa wati kadhaa za bure. Mbao ya ndani imefungwa kwenye fito kwa gundi na skrubu fupi, ya nje hivyo hivyo, na hakuna chuma kinachogusa pande zote mbili.

Kisha nailoni. Kila mtu hufikiri izibe upande wa ndani, kwa kuwa ndani ndiko kwenye maji. Faiba imeshaziba huko. Adui wa pili anatoka nje, naye ni mvuke wa hewa ya pwani. Hewa ya nyuzi 29 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikipoa hadi kama nyuzi 24. Ndani ya ukuta wetu halijoto inashuka kutoka 29 hadi karibu 0, kwa hiyo hewa ikipenya kwenye sufi haiendi mbali kabla ya kugeuka maji, na maji hayo hayana pa kutokea. Nailoni nzito ya ujenzi, geji 1000, imewekwa upande wa nje, nyuma ya plaiwudi ya nje, viungo vikipishana sentimita 10 na kubandikwa tepu. Makasha mengi yanayosifiwa mwezi wa kwanza na kulaaniwa wa tatu yamekufa kwa kosa hili, na ukiyapasua unakuta kijazio kimevunda.

Sufi ilianikwa juani kwanza kwenye jamvi, ikatolewa mbegu, ikapimwa kilo 3.5 kwa nafasi ya lita 85, ikagawanywa kwa vyumba kabla ya kujazwa. Anayejaza kwa macho huanza kwa mkono mzito na kumaliza kwa mkono mwepesi. Tahadhari: sufi hushika moto upesi mno. Hapana kuvuta sigara, hapana jiko karibu, na anayejaza afunge pua kwa kitambaa.

Machi, wiki ya kwanza: kipimo cha kasha zima

Kilo 15 za barafu, mfuniko umefungwa, kivulini, hewa nyuzi 29. Maji: gramu 400 kwa saa. Wati 37, wakati hesabu ilisema 29. Wati 8 zina mlango wao.

Kijinga cha ubani kilitosha kuuonyesha. Kwenye mfuniko, moshi ulipopitishwa taratibu kando ya ukingo, ulipanda wima pande tatu, na upande wa bawaba ukapinda na kunyonywa ndani. Kisha chini: moshi uliposhikwa kwenye tundu la kutolea maji ulisukumwa mbali kama pumzi. Picha ikakamilika. Hewa baridi ni nzito, inamwagika kwa tundu la chini, na nafasi yake inajazwa na hewa ya joto inayoingia juu kwenye bawaba. Tundu moja peke yake lisingeleta shida kubwa. Juu na chini pamoja ndiyo yanayotengeneza mkondo.

Dawa ya chini: bomba la mpira limekunjwa liwe na kiwiko kinachobaki na maji, kama kile kilicho chini ya sinki. Maji yanapita, hewa haipiti. Dawa ya juu: tyubu ya baiskeli imepasuliwa na kubandikwa ukingoni kwa gundi ya viraka, na kufuli mbili za kukaza zimewekwa mbele. Kukagua, weka ukanda wa karatasi ukingoni, funga, vuta. Ukitoka bila kukaza, hapo pana mwanya. Upande wa bawaba ulihitaji tyubu mbili juu ya nyingine.

Usomaji mpya: gramu 330 kwa saa, wati 31. Mbili zilizobaki tunazidai fito na pembe.

Kipimo kimoja cha ziada kilifanywa ili kujua mvuke unaingia kiasi gani. Barafu iliyobaki inapimwa, inajumlishwa na maji yaliyotoka, na jumla inalinganishwa na barafu iliyowekwa. Ikizidi, ziada ni umande uliotoka hewani. Kabla ya kuziba, ziada ilionekana wazi kwenye mzani. Baada ya kuziba imepotea ndani ya makosa ya kawaida ya kipimo. Gramu 1 ya mvuke ikigeuka maji ndani ya kasha inatoa kilojouli 2.5, na hiyo inayeyusha zaidi ya gramu 7 za barafu.

Machi, wiki ya tatu: mzigo na ufanisi

Samaki wa kweli hawatumiki kwenye kipimo hiki, kwa bei na kwa harufu. Kilo 1 ya samaki huhitaji kama kilojouli 3.6 kupanda au kushuka uzi 1, maji 4.2. Kwa hiyo lita 17 za maji zinasimama badala ya kilo 20 za samaki. Tumetumia chupa za nusu lita, 34, zikiwa nyuzi 28.

Kuzipoza hadi nyuzi 2: 17 mara 4.2 mara 26 ni kilojouli 1,856, sawa na kilo 5.6 za barafu. Kuta kwa saa 12, kwa gramu 330 kila saa: kilo 4. Mfuniko ulifunguliwa mara moja kila saa. Jumla iliyopimwa ni kilo 9.8. Ufanisi, yaani sehemu ya barafu iliyofanya kazi tuliyoitaka, ni 5.6 gawanya kwa 9.8: asilimia 57. Kasha tupu la mbao kwa saa hizo hizo lingehitaji 5.6 na 12.6, ufanisi asilimia 31.

Lakini namba hiyo haifai kuandikwa kwenye kasha kama bei. Samaki anapoa mara moja, kuta zinavuja mpaka barafu iishe. Kasha lile lile likikaa saa 48 bila samaki wapya, kuta zinakula karibu kilo 16, na ufanisi unashuka hadi asilimia 26. Sufi haijaharibika, kasha halijabadilika. Anayeuliza "ufanisi wake ni ngapi?" lazima aseme pia kwa safari ya saa ngapi na mzigo gani. Mwanafunzi akilielewa hilo, ameelewa ufanisi kuliko aliyekariri fomula. Namba inayofaa kuandikwa ubavuni ni ile ya wati 31.

Kuhusu mfuniko tulikuwa na ubishi na mabaharia, maana kila mmoja anaamini kufungua kasha ndiko kunakomaliza barafu. Hesabu inasema hivi. Hata hewa yote ya ndani, lita 96, ikitoka na kuingia ya nje, kuipoza ni kilojouli 3, na mvuke wake kugeuka maji ni karibu 4. Jumla 7, gramu 21 za barafu. Tena kasha linafunguka juu, hewa baridi inabaki imelala humo, haimwagiki yote. Samaki mmoja wa kilo 1 aliyetoka juani anamaliza gramu 290. Nahodha mmoja alipoonyeshwa alicheka: "Mwalimu, basi mwizi ni samaki mwenyewe!" Ndivyo. Kinachodhuru ni mfuniko kuachwa wazi huku watu wakipanga mzigo, si kufungua na kufunga.

Mpangilio ndani ya kasha ulitoa tofauti kubwa pia. Chupa zilipolundikwa katikati na barafu kumwagwa juu tu, zile za kati zilikuwa bado nyuzi 11 baada ya saa 4. Zilipopangwa tabaka la barafu, tabaka la chupa, barafu tena, hakuna iliyozidi nyuzi 4 kwa muda huo huo. Barafu iliyopondwa na maji yake ya nyuzi 0 hugusa pande zote. Hewa kati ya chupa ni ile ile hewa tuliyokuwa tukiisifu kwa kuhami. Jiwe zima la barafu lihifadhiwe kwenye kasha la akiba, samaki wapate iliyopondwa.

Na chumvi? Wapo wanaoiongeza ili barafu "idumu". Haidumu. Chumvi inashusha halijoto, kwa mchanganyiko mkali hadi chini ya sifuri kwa nyuzi 21, tofauti na hewa ya nje inakua, joto linaingia kwa kasi zaidi, na samaki wa pembeni anaganda nusu.

Machi, wiki ya mwisho: maji yanayotupwa

Maji yanayotoka kwenye bomba ni ya nyuzi 1 au 2. Tukiyamwaga tunamwaga baridi iliyolipiwa. Kutoka 0 hadi nyuzi 28 kila kilo ya maji bado ingeweza kumeza kilojouli 117, wakati kuyeyuka kulimeza 334. Maana yake robo ya uwezo wote wa barafu inapita bombani.

Jaribio: kilo 10 za maji ya nyuzi 2 kwenye beseni, na ndani yake chupa zinazolingana na kilo 10 za samaki wa nyuzi 28. Hesabu inatoa nyuzi 14 kwa wote wawili. Beseni lilitulia kwenye 15, kwa kuwa beseni lenyewe na hewa vina sehemu yao. Samaki anayeingia kasha akiwa 15 badala ya 28 anaokoa kama kilo 1.4 za barafu kwa kila kilo 10.

Sharti moja: maji yawe ya kasha la akiba lenye barafu peke yake. Yaliyopita kwenye samaki yana damu na utelezi, na kumwogeshea samaki wengine ni kusambaza uozo.

Aprili, wiki ya kwanza: jua

Kivulini tumemaliza, lakini dau halina kivuli. Kasha limewekwa wazi saa sita mchana, na uso wa mfuniko umepimwa kwa kipimajoto kilichobanwa chini ya kipande cha kitambaa cha rangi ile ile ya mfuniko. Rangi ya kijani kibichi: nyuzi 61. Rangi nyeupe: 39. Gunia lililoloweshwa: 28, wakati hewa ilikuwa 30.

Mfuniko wa nyuzi 61 una maana kwamba tofauti na ndani imepanda kutoka 28 hadi kama 60. Joto linalopita kwenye mfuniko linakuwa mara mbili, ingawa sufi ni ile ile. Gunia linashinda kwa sababu gramu 1 ya maji ikikauka inaondoka na kilojouli 2.4. Unyevu wa hewa ya hapa unazuia gunia lisipoe zaidi, kwa hiyo anayekaa chini ya turubai hatapata faida ya maana kutokana nalo. Juani faida ni kubwa. Maji ya bahari yanatosha kulowesha, mradi mfuniko umepakwa rangi vizuri kwenye kingo zote, la sivyo unainywesha sufi kutoka juu.

Uamuzi: nyeupe kwa wote, na gunia kwa anayetaka.

Aprili, wiki ya tatu: unene, na yanayofuata

Kusi imeanza kuvuma, kazi za nje ya maji zimepungua, na swali linalorudi ni kwa nini sufi isiwe sentimita 10. Kwenye karatasi, wati zinashuka kutoka 29 hadi 19, si hadi nusu, kwa kuwa ukuta ukinenepa eneo la nje linakua pia, na mazuio ya mbao na hewa hayaongezeki. Faida ni kama kilo 2.5 za barafu kwa siku. Gharama: sufi kutoka kilo 3.5 hadi zaidi ya 8, na kasha linachukua lita 344 za nafasi ya chombo badala ya 216, huku ndani likibaki lita 96. Kwa mashua inayolala baharini usiku mbili au tatu inafaa. Kwa dau la kwenda asubuhi na kurudi jioni, hapana. Kasha la akiba linalokaa gatini litajengwa la sentimita 10. Ya safarini yatabaki 5.

Lililobaki ni kujua sufi itakaa kavu mpaka lini. Kupasua ukuta kila mwezi hakuna maana, kwa hiyo kasha tupu na kavu linapimwa kwa mzani wa kuning'inia wa wauza samaki, baada ya kufutwa na kuachwa wazi usiku kucha. Uzito wake wa kuanzia ni kilo 32.4, mzani unasoma kwa hatua za gramu 200. Ongezeko la hatua moja linaandikwa tu. Likifika kilo 33.4 lita nzima imeingia mahali fulani: tundu la kukagulia lililo chini ya ukuta wa nyuma linafunguliwa, sufi ya chumba cha chini inatolewa kwanza, na kipimo cha gramu kwa saa kinarudiwa kabla ya kuirudisha.